Mkunguni, Mwisho wa Gari

Walinipa karatasi ya mhuri na sentensi moja:
kituo kiwe na sura ya utamaduni.
Nikachora mlango.
Nani asingechora mlango?
Mninga, misumari ya shaba, minyororo ya maua kwenye fremu,
mlango mrefu kama kiburi,
umesimama peke yake katikati ya uwanja wa Wete,
hauna ukuta kushoto, hauna ukuta kulia.

Bi Kaije, auzaye bajia pale zinapogeuzia gari za Konde,
alijifuta unga vidoleni kabla ya kuishika ramani.
Akaitazama. Akaigeuza juu chini.
"Mlango huu wa nani?
Sie kwetu mlango ulikuwa wa makuti,
tukiufunga kwa kamba ya usumba asubuhi,
mbuzi akiufungua adhuhuri.
Na huu wenu, mvua ikija kwa ubavu,
tujikinge nyuma ya msumari upi?"

Usiku ule sikulala.
Posho ya mchoro nilikuwa nishaila.

Asubuhi nikarudi na futi ya chuma
nikaanza kupima visivyokuwemo kwenye sentensi:
goti la Mkasi binti Faki, ligomalo mbele ya daraja la gari,
inchi kumi na nne, na mikono ya mjukuu ikimsukuma kiunoni;
upana wa pakacha la muhogo likiwa chini
na mwenyewe amelikalia nusu asije akalisahau;
hatua zilizopo, saa saba mchana,
baina ya kivuli cha wanawake na kivuli cha wanaume,
vivuli ambavyo hakuna aliyevigawa
wala hakuna anayevikosea.
Harufu ya karafuu mbichi ilinishinda.
Nikaandika pembeni tu, kwa kalamu ya risasi:
hapa upepo uachiwe njia.

Mhandisi Thuwein alisoma, akavua miwani.
"Goti," akasema, "si urithi."
Nilivyomjibu sitaandika.
Lakini kikao kiliahirishwa, na chai ikapoa.

Tukapatana kila mmoja na hasara yake.
Mlango ukafutwa. Paa likapunguzwa mita mbili,
na mita hizo bado zinaniuma kila mawingu yakikusanyika.
Baraza likabaki, refu, la chokaa, na mgongo wa kuegemea,
kimo chake kimo cha anayengoja
si cha anayepigwa picha.
Na upande wa jua, sakafu tupu ya saruji,
ambayo yeye kaiandika "eneo la ziada".
Sikubishana na jina.
Msimu wa karafuu ukifika, majamvi yatajua pa kutandikwa,
na dereva atakayekanyaga hata kikonyo kimoja
ataujua ukoo wake hadi babu wa tatu.

Ubao wa juu niliuacha mtupu.
Kwenye karatasi tuliitwa Kituo Kikuu cha Mabasi, Awamu ya Kwanza,
na mchora maandishi alishapanda ngazi,
brashi inadondosha buluu kwenye viatu vyangu,
ananingoja.

Ikaingia gari ya kwanza.
Utingo, kijana wa miaka kumi na tisa,
ambaye mkungu ulikatwa mama yake hajaolewa,
alipiga bati mara mbili:
"Mkunguni! Mkunguni, mwisho wa gari!"
Watu wakashuka, wakajipepea,
wakasogea kushoto, kama ilivyo ada,
kuukwepa mzizi usiokuwepo.

"N'andike lipi, dada?"
"Kwani wewe huna masikio?" Bi Kaije akamwuliza,
bajia zikiungua.

Mie nilikuwa naangalia kwengine.
Mkasi binti Faki alifika ukingoni mwa jukwaa,
akaliinua goti lake kwa mazoea, juu, juu kupita kiasi,
akakuta gari iko sawa na unyayo wake.
Akaingia.
Mjukuu akabaki nyuma, mikono hewani,
hajui aipeleke wapi.