Safu Isiyokuwepo

Saa mbili usiku napokea zamu kwa Sista Khainza.
Ananikabidhi funguo za kabati, tochi,
kalamu isiyo na kifuniko
na watoto thelathini na tisa.
Hatupeani pole. Pole nayo inakula muda.

Ukutani orodha ya zamu ina majina manne.
Nagudi yuko likizo ya uzazi.
Wepukhulu amekwenda Maskati, anaogesha wazee wa watu
kwa mshahara wa miezi yetu mitano.
Wa tatu amefutwa kwa wino mweupe;
nilipoajiriwa hapa Mbale
nilimkuta ameshafutwa.
Wa nne ni mimi.

Mvua imeipiga Wanale wiki nzima.
Baada ya mvua mbu, baada ya mbu homa,
baada ya homa bodaboda zinapanga foleni langoni,
na kila mama amebeba kichwa kilicholegea begani.
Kitanda kimoja, watoto watatu,
miguu kwa vichwa, kama samaki kwenye karai.
Mashine ya oksijeni ina mipira minne.
Anayemchagua wa tano ni mimi.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga.
Wahenga hawakuiona wodi hii.
Basi nimeajiri nisiyeweza kuwalipa:
mama wa kitanda cha pili anahesabu matone
kwa saa ya simu yake iliyopasuka kioo;
baba yake Kuloba, fundi baiskeli wa Namakwekwe,
anaminya puto la hewa, minya, achia,
kama anayejaza tairi la mtu asiyemjua,
na hathubutu kuuliza kama anakosea.
Mlinzi anapeleka damu maabara.
Mlinzi! Bunduki begani,
kichupa kiganjani, amekibeba kama yai.

Saa tisa na nusu, degedege.
Dawa hii ina sheria: mmoja avute, mwingine ahakiki.
Mimi huvuta, kisha husoma kwa sauti,
na ukuta ndio unaonihakiki.
Nikasoma: "Nandudu. Kilo kumi na saba."
Ukuta ukanyamaza, kama kawaida yake.
Nikashika mpira wa mshipa.

"Ngapi?"
Bibi mmoja, mgeni wa herufi,
akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.
"Kumi na saba ni mbuzi, binti yangu.
Huyu nimempanda naye na kumshuka naye
kutoka Bufumbo. Mgongo wangu unamjua."

Kilo saba.
Nandudu wawili, wodi moja,
mafaili mawili yamelaliana mezani,
na macho yangu hayajafumba tangu jana alfajiri.
Nikamwaga dawa. Nikavuta upya.
Mikono ilitetemeka baadaye,
chooni, mlango umefungwa,
dakika moja tu, niliihesabu.

Kunakucha. Naandika ripoti.
Waliolazwa: kumi na wanne.
Walioruhusiwa: watatu.
Waliofariki: wawili. Hao wana safu yao,
imepigwa mstari kwa rula, ina nafasi ya sahihi.
Nimetafuta safu ya waliokaribia.
Nimefunua mbele, nimefunua nyuma.
Haipo.
Kwenye daftari hili
Nandudu mdogo alilala salama usiku kucha,
na wizara ikisoma itasema:
kumbe muuguzi mmoja anatosha.

Hilo ndilo linalonikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Kila asubuhi tunayonusurika
inatumiwa kuwa ushahidi dhidi yetu.

Nikaenda kitandani nikamuuliza bibi jina lake.
"Nambozo," akasema. "Kwani nimekosa nini?"
Nikarudi ukutani na kalamu isiyo na kifuniko,
pale penye wino mweupe, jina la tatu,
nikaandika: Nambozo.

Saa mbili asubuhi Sista Khainza akaingia, kanga yake imelowa,
akaisoma orodha, akanitazama.
"Huyu mpya?"
"Alikuwa zamu nami."
Hakuuliza zaidi. Akanyoosha mkono apokee funguo.

"Wangapi?"
"Arobaini na wanane."