Nusu Milimita

Bwana Turrin, barua yako imefika,
ina muhuri wa kiwanda na swali la mstari mmoja:
fundi wa marekebisho ana maoni gani?
Anayo. Kaa kitako.

Mimi ni Ersilia wa chumba cha nyuma,
huku visu vinakorudi kama watoto waliofukuzwa shule,
kila kimoja na karatasi ya kosa lake.
Mwaka wa kumi na tisa huu navipasua matumbo
kando ya dirisha linalotazama mfereji,
na Maniago nzima inajua kunoa,
ila kusikiliza mpini ni kazi nyingine.

Norina wa posta anatumia kushoto.
Kibanio mmekigandisha upande mmoja,
kana kwamba dunia nzima inakula kwa mkono wa kulia.
Kila asubuhi anakichomoa kinyumenyume,
anakigeuza hewani, barua kwapani, mbwa miguuni.
Toboa mashimo mawili upande wa pili.
Skrubu ni zile zile.
Nimepiga hesabu: kikombe cha kahawa
kinalipia mashimo ya visu arobaini.

Kisu cha Duilio muuza jibini nilikifungua
nikakuta humo jibini ya masika mawili,
ngumu kama sabuni.
Acha mgongo wa mpini wazi, maji yapite.

Na kile kifuli!
Kinataka kidole gumba kisimame njiani
wakati ubapa unarudi nyumbani.
Nani hufunga mlango mguu wake ukiwa kizingitini?
Ninazo karatasi sita zenye damu iliyokauka;
moja ni ya mtoto wa miaka kumi na mmoja,
ameandika, "Samahani, nimekichafua."
Yeye ndiye aliyeomba samahani, Bwana Turrin.

Nasikia vijana wa ofisi ya michoro
wanataka kuongeza filimbi, na kifungua chupa, na taa.
Kisu si sanduku la bibi harusi.
Umbo lake msiliguse, aliyelichora alijua.
Ninachodai ni vijisehemu ambavyo jicho halivioni
na ngozi haivisahau:
pale makali yanapokutana na shingo,
kinoo hakifiki, panaota jino;
chonga hapo kidimbwi cha punje ya mtama.
Kona za mgongo, zilainishe.
Basi.

Hapana, bado.
Nilitaka kuishia hapo, lakini kalamu imekataa.

Baba yangu alivipinda springi visu vyenu miaka thelathini na minane.
Jioni moja ya Novemba alikaa na tufaha mezani,
kisu mfukoni kama siku zote,
akautafuta mchirizi wa ukucha,
ukucha ukateleza.
Akajaribu tena. Ukateleza.
Akajifanya hana hamu ya tufaha.
Nilikuwa naosha vyombo; nikaendelea kuosha
sahani moja, ile ile, muda mrefu.

Usiku nilikichukua kwenye koti lake.
Tupa nyembamba, taa ya jikoni, pumzi nimeibana.
Nusu milimita kwenda chini,
na ukingo mmoja nikauinua kidogo
upate kushika ukucha uliozeeka.
Sikulegeza springi; angenijua.

Asubuhi kilifunguka kwa mlio wake wa kawaida.
Alikitazama. Akalikata tufaha vipande vinne,
akanisogezea kimoja kwa ncha,
jambo alilotukataza tangu utotoni.
"Hiki," akasema, "siku hizi kimekuwa na adabu."

Sikujibu. Mpaka leo sijui kama alijua.

Kwa hiyo maoni ninayo, nayo ni hayo.
Nakutumia pamoja na barua hii kisu chenyewe.
Usikipime kwanza kwa mashine zako.
Vaa glavu nene, zile za kuzolea theluji,
ujaribu kukifungua.
Kisha nirudishie.
Ni cha baba.