Mwenye Kusikia Bomba

Swali la kwanza: Je, mtoto huitika akiitwa jina lake?
Kalamu ya kliniki imefungwa mezani kwa uzi
kama mbuzi, haifiki mbali.
Nikaandika Hapana. Nikakata.
Nikaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Nimemwita, nesi.
Nimemwita Mumo tangu uji hadi ugali,
kwa ukali, kwa kubembeleza, kwa biskuti mkononi,
na uso wake umebaki pale pale
kwenye feni ya dirisha la jirani
inayozunguka, inayozunguka.

Swali la pili: Je, huonyesha kwa kidole anachokitaka?
Hunishika kifundo cha mkono
akautumia mkono wangu kama ufunguo.
Sikupata kisanduku cha kuandika hilo.

Mama Kerubo wa mlango wa pili alisema ni kiziwi.
Baba yake alisema, hata mimi nilichelewa,
kwetu mtu husema akipata la kusema.
Mchungaji alimwekea kiganja kichwani, mtoto akapiga mayowe,
naye akatugeukia: Mmeona?
Mimi niliona mtoto asiyetaka kuguswa kichwa.

Sasa ngoja nikwambie ambalo karatasi yako haikuuliza.
Kwetu Tassia maji huja mara mbili kwa juma,
usiku wa manane, bila hodi.
Ghorofa sita, milango arobaini na minane,
mitungi imepanga foleni koridoni ikisubiri.
Anayejua ni Mumo.
Kabla tone halijaanguka, keateka bado anakoroma,
hewa ikianza tu kukohoa ndani ya bomba kule chini
yeye huketi wima kitandani,
mikono ikapepea kama soksi kwenye kamba,
na kifuani mwake hutoka mmmmmm,
sauti ile ile ya bomba, haipandi, haishuki.
Nami huenda nikigonga milango: Maji! Amkeni!
Wanaomwita kiziwi
wamejaza mitungi yao kwa masikio yake.

Nesi Chepkemoi aliweka faili chini.
Masikio yalikuwa yameshapimwa: mazima.
"Anasikia, mama. Jina lake tu halijapata njia."
Kisha akalitaja neno. Usonji.
Nikadhani ni ugonjwa wa mahindi.
Nikalitafuna kimoyomoyo: u-so-nji.
Lina uso ndani yake.
Uso, halafu kitu usichokijua.

Nilitaka chupa. Kijiko kimoja kutwa mara tatu.
Alinipa Jumanne.
Kila Jumanne, chumba chenye mkeka na kioo kilichopasuka pembeni,
pamoja na Nasibo wa miaka minane
anayepanda viti, madirisha, migongo ya watu;
yeye ana neno jingine, na kidonge cha asubuhi,
na baba mwenye subira anayemfuata akiwa ameshika viatu vyake.
Tukicheka, hucheka na sisi.

Nilifunzwa hivi: usimvute macho yaje kwako.
Nenda yaliko.
Basi nimetazama feni.
Mwezi mzima nimetazama feni, kazi za watu zikilala kwenye cherehani,
na sitasema uongo, siku nyingine nililia chooni
nikifungulia bomba kavu kwa mazoea.
Baba yake bado hataki neno lile litajwe mezani.
Lakini kile kijitabu cha kliniki nilichokiweka chini ya godoro
nilikikuta kimekunjwa ukurasa wa tisa.
Mimi nilikuwa nimefika wa nne.

Alhamisi iliyopita bomba lilikohoa.
Mumo akaketi. Mmmmmm.
Mitungi ilikuwa koridoni, na miguu yangu tayari sakafuni.
Nikairudisha.
Nikakaa kando yake gizani, nikasema na mimi mmmmmm.
Akanyamaza.
Akanigeukia, si macho, hakufika kwenye macho,
akaweka vidole vyake kwenye koo langu
kama mtu anayepapasa bomba kujua kama lina kitu.
Nikasema polepole, chini ya vidole hivyo: Mumo.
Vidole havikuondoka.
Mumo.

Asubuhi ploti nzima ilinijia juu, mitungi mitupu.
Sikuwa nimegonga mlango wa mtu.