Pai Nne, Mizani Moja

Nimezipanga nne juu ya meza ya jikoni, Chumbageni,
kila moja na risiti yake chini,
kama mshitakiwa aliyekalia hati yake.
Mizani ni ile ya kupimia unga, ndiyo iliyobaki
nilipofunga duka la mikate, Barabara ya Nane.
Mshale wake hupunja gramu tano. Nimeusamehe.

Ya kwanza: elfu tatu na mia tano.
Lebo imeapa gramu mia mbili.
Mizani ikasema mia moja sitini na moja.
Nikaongeza zile tano za msamaha; bado mwongo.
Kwenye boksi kuna mvuke, kuna jani la kotimiri.
Ndani mna viazi, na viazi, na nyama
iliyopiga hodi ikaondoka.

Ya pili, ya kuku. Kisu kilipoingia
ganda lilinywea kama godoro la bweni.
Juu limeungua, chini bichi:
oveni ina mlango usiofunga. Nayajua hayo,
wangu niliuegemezea mpini wa ufagio miaka sita.
Kuku yumo, sikatai. Ila kachemshwa peke yake,
na kitunguu hawajawahi kujuana.

Mjukuu wangu Ngwatu kaja kula ushahidi.
"Tamu, Bibi!" Ana miaka tisa,
kwake hata dawa ya meno tamu.
Nikamuuliza: na kama hela ingekuwa yako?
Akatafuna. Akafikiri.
"Ningenunua mihogo ya Bi Saumu,
mia tano, na pilipili anaongeza bure."
Hukumu hiyo nimeiandika kama ilivyo.

Ya tatu sitaisema sana. Mboga. Elfu nne.
Paka wa jirani aliinusa,
kisha akanitazama mimi.

Ya nne ilikuwa chini kabisa ya friza,
boksi jeupe, halina hata picha.
Elfu tano na mia mbili. Nikasema, hawa wana jeuri.
Mizani: mia mbili na tatu. Lebo: mia mbili.
Nikaitoa, nikaipima tena.
Ndipo nikauona ukingo.

Mikunjo ya kidole gumba, miwili kwenda, mmoja kurudi,
kama ukili unaoanza kusukwa.
Mashine hairudi.
Mkunjo huo nilimfundisha mtu mmoja,
Mwanasiti binti Kombo, alfajiri, unga hadi kwenye nyusi,
nami nikimgonga vidole kwa mwiko:
rudi, rudi, mchuzi utatoroka!
Alipoomba nyongeza nilimwambia
asiyeridhika, mlango mpana.
Mlango ulikuwa mwembamba. Alipita ubavuubavu,
na aproni yangu kiunoni.

Nimeikata.
Nyama ya kukatwa kwa mkono, bizari imekaangwa kwanza,
pilipili manga imesubiri mwisho, kama nilivyosema.
Na kuna kitu sikumfundisha:
ukwaju, kidogo mno, nyuma ya ulimi,
unakuja umeshameza.
Nikavuta kigoda. Ngwatu akauliza kama imeharibika.

Ubora nimeujaza bila kusita.
Kwenye thamani ndipo kalamu iliponigomea.
Ukitoa nyama, unga, umeme, boksi,
na fungu la mwenye friza,
aliyekunja anabaki na nini?
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti, mara mbili:
mia nne, labda mia tano kwa pai.
Mihogo ya Bi Saumu.

Na mimi nilikuwa nikimpa pungufu ya hapo.

Chini ya boksi kuna namba ya simu,
kwa maoni na malalamiko.
Malalamiko sina.
Nimebonyeza tarakimu saba za mwanzo,
kidole kina siagi,
kioo hakisikii.