Swali la Kumi na Nne

Walinipa kishikwambi, mkoba wa buluu,
fulana yenye nembo mgongoni,
semina ya siku tatu pale Chake, sambusa mbili mbili,
na onyo: usiandike pembeni.
Kishikwambi hakina pembeni.

Nyumba ya thelathini na moja, Mchangamle.
Bi Mize Faki anamenya muhogo.
Nikasoma nilivyofundishwa, bila kuongeza neno:
Je, kaya hii ina bomba la maji?
Ndiyo. Hapana.

Akaelekeza kwa kisu.
Bomba lipo kweli, ubavuni mwa banda la kuku,
shingo yake ya chuma imefungwa kamba,
na mwisho wa kamba, mbuzi.

"Linatoa?" nikauliza, swali ambalo halikuwamo.
Akasafisha koo, akanijibu
kama mtu anayesoma barua aliyoiandika siku nyingi:

"Walilileta kwa ngoma, bomba kwetu wenye mji,
Picha wakapiga jama, hawakungoja mnywaji,
Leo ni kigingi chema, cha mbuzi wangu mlaji,
Andika hivyo kwa hima, bomba lipo, sina maji."

Nilihesabu kwa vidole, mkono mfukoni:
kumi na sita, kumi na sita, vina vimekaa.
Katika vipimo vyote vya siku ile
hicho pekee kilitimia.

Kioo kikaanza kufifia. Betri, asilimia tisa.
Nikabonyeza Ndiyo.
Kiduara kikajaa kijani.

Miezi minne baadaye tuliitwa Unguja kupiga makofi.
Ukumbi una baridi ya kuvalia sweta.
Bwana Thuwein ana kitaa chekundu mkononi,
anakitembeza ukutani kama anayechezea paka.
Mwaka jana tisini na moja, mwaka huu tisini na nne.
Lakini mchoro wake haukuanzia sifuri,
ulianzia tisini,
basi mwaka jana ukawa mchicha
na mwaka huu mnazi.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Ukurasa wa pili: kila mtu, lita themanini kwa siku.
Lita themanini! Nilijua zilikotoka.
Ng'ambo ya ghuba kuna hoteli yenye mabwawa mawili,
moja la kuogelea, moja la kutazama;
waliitia chungu kimoja na Mchangamle,
wakakoroga, wakapakua sawasawa.
Kwa hesabu hiyo Bi Mize anaogelea.
Na muhogo wake anaumenya majini.

Mtu wa nyuma akauliza nani kahakiki.
"Mashine," akasema Bwana Thuwein.
"Mashine haina shangazi, haina chama, haidanganyi."

Kweli. Haikudanganya.
Nilidanganya mimi, kwa kidole hiki cha shahada,
nayo ikanipokea bila kunitazama usoni,
ikajumlisha uongo wangu na wa wenzangu mia mbili
waliokuwa na jua kichwani na nyumba arubaini mbele yao,
ikautoa umenyooka, umepigwa pasi, una rangi.

Gari la kuchimba visima lilifuata ramani.
Mchangamle ilikuwa kijani.
Likapita, vumbi tu.

Siku ya pili ya Idi nilikwenda, bila fulana.
Nilikuwa nimeandika beti lake
nyuma ya cheti changu cha semina,
nikitaka anisahihishie.
Nilimkuta anashusha madumu mawili kutoka bondeni,
mkono mmoja umevimba.
Hakunilaumu. Lingekuwa jambo jepesi, lawama.
Alinivuta mpaka kwenye bomba.

"Kazaa mapacha," akasema.
"Alikuwa mmoja, wamekuwa watatu.
Hiyo asilimia ngapi, Tumu?"

"Ongezeko la mia mbili."

"Ehe," akasema, akimimina maji kidogo kwenye sufuria ya mbuzi.
"Kawapelekee na hiyo."