Kipimo cha Mfuko wa Koti

Ile kubwa nilimuuzia Otia, mpiga picha za harusi kule Rustavi.
Nilipokuwa nikiiinua sokoni
kila uso ulivaa nguo za sikukuu:
muuza jibini alinyoosha kitambaa cha kichwa,
mwanawe akaficha sigara,
hata mbwa, naapa, alikaa vizuri.
Kilo mbili na robo shingoni.
Nilikatiza Tbilisi nzima kama mbuzi mwenye njuga.

Sasa ninayo hii.
Haizidi mche wa sabuni
uliokwisha kufua mara mbili.
Dukani niliipima kwa mfuko wa koti:
ikaingia, ikatoka, haikunasa kwenye bitana.
Muuzaji alikuwa akinisomea namba za ndani yake,
mimi nimefumba macho
kidole kinatafuta kitufe gizani.

Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe mweusi.
Mlio nimeuzima. Kitaa chekundu nimekipaka rangi ya kucha,
ya dada yangu Tsiuri, bila ruhusa.
Mkanda wa shingo sina, nina kamba ya kiganjani.
Glovu ya kulia nimeikata ncha moja;
kidole hicho kinaijua Januari
kuliko ndugu zake wanne.
Umbali nimeufunga kwenye mita mbili na nusu,
yaani urefu wa meza ya samaki ya Zhuzhuna.
Silengi tena. Nasogea tu
mpaka mtu aingie ndani ya kipimo.

Lakini udogo nao una madeni.
Hauna pa kushikia, unateleza kama kambare.
Nimekwishapiga viatu vyangu mara kumi na moja
na mbingu mara moja; hiyo sikuifuta.
Betri hufa kwa baridi, kwa hiyo ya akiba
nailea kifuani kama kifaranga.

Alhamisi, soko la Dezerter.
Mwanamke analipia viazi kwa sarafu.
Anazihesabu. Anazihesabu tena.
Anarudisha viazi viwili.
Kidole kilijibu kabla sijaulizwa.
Hakugeuka. Hakuna aliyegeuka.
Ndicho nilichokitaka miaka yote hii,
nami nikabaki nimesimama kama mtu aliyeokota pochi
na mwenye pochi bado anaonekana,
anakwenda zake, mfuko unampiga gotini.

Ile kubwa ingalau ilibisha hodi.
Angeweza kukunja uso. Angeweza kusema hapana.

Nilimfikia kwenye ngazi za metro.
Nikamwonyesha. Kioo chenyewe kama stempu,
akatafuta miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu,
watu wakatupita kushoto na kulia wakinung’unika.
Aliitazama mikono yake ikihesabu.
“Hii si yangu,” alisema. “Hii ni ya mama.”
Akaangalia tena, karibu zaidi, pumzi yake ikafunga ukungu.
“Mikono chukua. Viazi usivionyeshe.”
Akashuka. Jina sikumuuliza.

Nimeikata picha ukingoni, pale sufuria ya mizani inapoanza.
Si picha nzuri sana. Imeegemea upande mmoja.

Usiku nimelishona koti, mfuko wa kulia:
bitana ilikuwa imeachia,
sijui tangu lini,
kitu chepesi namna ile.