Viatu vya Mpiga Picha

Mvua ya Chiloé haina adabu, haibishi hodi.
Tukavua mabuti mlangoni, tukaingia ukumbini
kando ya kanisa la mbao,
na Yanira alikuwa ameshazitundika picha kambani
kwa vibanio vya nguo,
utadhani wafu wetu wamefuliwa jana
na sasa wanangoja jua.

Ya kwanza: nyumba inatembea.
Jozi kumi na mbili za maksai, kamba, matope,
na nyumba nzima juu ya magogo inahamia ng'ambo ya ghuba,
dohani ingali inafuka moshi.
Dirishani mwanamke kaegemeza kiwiko
kama abiria wa daraja la kwanza.
"Nyanya yangu huyo," akasema Eduvina.
"Aliambiwa ashuke, akajibu
viazi viko motoni."
Nolberto muoka mikate akamkazia macho maksai wa mbele, kushoto:
"Na huyu mjomba wangu. Tazameni pua!"
Tukaitazama pua,
na tangu hapo hatukumwona tena ng'ombe.

Ya pili, harusi. Watu thelathini na wanne,
na hakuna aliyeambiwa kwamba ni sherehe.
Bwana harusi kakodoa kama aliyesomewa hukumu,
bibi harusi kama aliyeiandika.
Mbwa peke yake aligeuka wakati usio wake,
akapata vichwa viwili,
na mpaka leo ndiye pekee anayeonekana hai.
"Zamani watu hawakuwa na meno," akatueleza Ismenia, miaka sita,
"ndiyo maana walifunga midomo."
Mama yake akamfinya.
Bibi yake, ambaye meno yake yalikuwa mfukoni,
akacheka kwa ufizi mtupu.

Ni huyo huyo Ismenia,
maana kimo chake kinamweka jirani na miguu,
aliyeuliza:
"Mbona wote wamevaa viatu vya mtu mmoja?"

Tukainama. Watu wazima, makalio juu,
mbele ya mababu zetu.
Kweli.
Vyeusi, ncha kali, cha kushoto kina kovu la mwezi mchanga:
kwa bwana harusi,
kwa mwalimu,
kwa karani wa posta, visigino vikifurika nje
kama unga uliouzidi ujanja mkebe,
kwa mvulana wa komunyo ya kwanza, aliyezama humo hadi vifundoni
na kusimama wima kama mshumaa,
asije akapiga hatua moja akaviacha nyuma.
Kisiwa kizima, miaka ishirini,
jozi moja.

Nolberto alikaa chini sakafuni, mbavu hana.
"Babu yangu alijisifu mpaka kaburini
kwamba alioa na viatu vya ngozi!"
"Alioa navyo," akasema Eduvina.
"Hakusema alirudi navyo nyumbani."

Wangu alikuwa mwisho wa kamba.
Baba wa babu yangu, kifua mbele,
na ndama kamkinga kuanzia magotini kushuka chini.
Kwetu tulisimuliwa alivyompenda ndama yule.
Labda. Mimi naona mtu aliyekataa kuazimwa,
na ndama aliyekuwa karibu.

Mpiga picha mwenyewe hayumo popote.
Ila katika moja, ya gati tupu,
jua lilimpiga mgongoni
na kivuli chake kikaanguka mbele juu ya matope:
kofia, miguu mitatu ya mashine, miwili yake.
Ismenia akapiga magoti, pua ikigusa karatasi.
"Vidole," akasema. "Naona vidole."
Hakuna aliyembishia.

Tulipotoka, mvua bado,
na pale mlangoni mabuti ya mpira, jozi arobaini,
meusi yote, yamefanana yote.
Tulibishana kidogo, tukajaribu, tukabadilishana.
Mwishowe kila mtu
akaenda nyumbani na yaliyomtosha.